Nani Atanifinyangia Chungu Changu

Ninyi mabinti mnaokaa barazani kwangu hapa Mtanda mkimsubiri Rukia awasuke, mnaniona kizee wa mkekani anayeuliza kila anayeingia ni binti wa nani. Mkishaniamkia, nami nikaitikia marahaba yangu, mnarudi kwenye simu. Leo umeme umekatika na simu zenu zinazimika moja baada ya nyingine, kwa hiyo hamna pa kukimbilia. Nitawaambia nilikuwa fundi wa nini, maana mmezoea kumwita Rukia fundi kana kwamba nyumba hii haijawahi kuwa na fundi mwingine.

Nilikuwa mfinyanzi. Nilianza kabla sijavunja ungo, nikaacha juzi juzi tu, mikono ilipoanza kutetemeka hata kikombe cha chai nakishika kwa yote miwili. Nimefinyanga vyungu vya kupikia, mitungi ya maji, vikaango, na vyetezo vya maharusi. Lakini kazi niliyorithishwa hasa ilikuwa moja, na hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi.

Kwetu Umwerani, huko juu unakoiacha bahari nyuma na mikorosho inaanza, ukoo wetu ulikuwa na desturi yake. Mwanamke akifa, hufinyangiwa chungu kidogo, kikawekwa kaburini upande wa kichwa siku ya arobaini. Ubavuni mwa chungu hicho zinachorwa chale zake. Nasema zake, zile alizochanjwa mwilini alipokuwa mwari, si za mama yake wala za jirani. Kitako kinatobolewa. Bibi yangu alisema ni ili maji tunayomwagia yamfikie mwenyewe. Binamu yangu Hadija alisema ni ili wezi wasikibebe wakapikie maharage. Nadhani wote wawili walikuwa sahihi. Shehe wetu wa kijiji alikuwa akitazama kando. Alisema kumwagia kaburi maji si neno baya na chungu ni chombo tu, na bibi yake mwenyewe alikuwa amelala chini ya kimoja.

Mwiko wa kazi hiyo ulikuwa mmoja mkubwa: mfinyanzi hajifinyangii. Chungu chako lazima kitoke mikononi mwa mwingine, mtu uliyemfunza au mliyefunzwa pamoja. Wafinyanzi wa ukoo wetu walikwisha, nikabaki peke yangu, na sikuwa nimemfunza mtu. Nani atanifinyangia changu, ndilo swali nililokuwa nikilala nalo na kuamka nalo.

Aliyenifunza mimi ni bibi yangu mzaa mama, Binti Mchopa. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye ndonya, kile kigingi cha mti, katika mdomo wa juu na sauti iliyopita puani, na kama ulikuwa hukumzoea ungedhani kila siku amekasirika. Ukimzoea unajua kwamba amekasirika kweli. Tulikuwa tunajifunza wawili, mimi na Hadija. Mwaka mzima wa kwanza hatukugusa udongo wa maana. Tulitwanga vigae. Vyungu vilivyopasuka havitupwi, vinatwangwa vikawa unga, unga unachanganywa na udongo mpya ili ukienda motoni usipasuke. Hadija aliuliza kwa nini tusitie mchanga kama wanavyotia wengine. Bibi akamjibu, "Udongo mpya haujui moto. Mtie ndani yake aliyekwisha kuujua." Tukaendelea kutwanga.

Udongo wetu ulitoka bondeni, kwenye shimo lililo karibu na mpunga. Ulikuwa mweusi, mzito, na ukiukata kwa jembe unang'aa. Kwenda kuuchimba nako kulikuwa na masharti. Ukishatoka nyumbani na jembe huzungumzi na mtu mpaka urudi. Husalimii wala huitikii salamu, maana udongo ukisikia maneno unapasuka, ndivyo tulivyoamini. Kijiji kizima kilijua, na wakituona na majembe walikuwa wakipita wakituangalia miguu tu.

Sasa akaletwa mwalimu mpya kutoka bara, kijana mwenye adabu zake. Asubuhi moja tunakutana naye njiani. Akavua kofia. "Shikamoo bibi." Binti Mchopa kimya, anatembea. Kijana akadhani bibi hasikii, akamfuata. "Bibi, shikamoo." Kimya. Akatufuata mpaka bondeni akiamkia, na kila akiamkia sauti inapungua. Hadija alijiuma kanga asicheke, mimi nikachepuka vichakani. Tuliporudi na udongo, bibi akautua mzigo, akanawa, akaenda mwenyewe hadi kwenye nyumba ya mwalimu, akasimama mlangoni na kusema, "Marahaba. Na ile ya pili, marahaba. Na zile nyingine zote." Mwalimu alikuwa amekwisha andika barua ya kuomba uhamisho.

Nacheka, lakini mle bondeni sasa hakuna shimo. Wajukuu wa mwenye shamba wamejenga. Nilikwenda mwaka jana, nikamkuta binti anafua nguo juu ya udongo wetu, akaniamkia vizuri, nikamwitikia. Sikuwa na jembe.

Kufinyanga kwenyewe nikiwaeleza mtaona rahisi. Hatukuwa na gurudumu. Unainama, donge liko chini mbele ya miguu, unaingiza ngumi, unazunguka wewe, chungu kinabaki pale pale. Unakivuta juu kwa vidole, unakikwangua kwa gunzi la mahindi, unakilainisha kwa kipande cha kibuyu, ukitaka king'ae unakisugua kwa kokoto ya mtoni. Kikaukie kivulini. Wenye haraka hukianika juani, na ufa wao wanauona palepale. Kuchoma tulikuwa tunachoma uwanjani kwa magome na nyasi. Na ukitaka kujua kimeiva, kigonge kwa ukucha. Kilichoiva kinalia. Kibichi kinajibu kama mtu aliyetafuna muhogo.

Lakini vyungu vya kaburini vilihitaji kitu kingine, nacho ni kujua kusoma ngozi. Wanawake wa rika la bibi walichanjwa mwili mzima. Binti Mchopa alikuwa na mjusi kifuani, mistari ya mapindopindo kuzunguka kitovu, na mgongoni safu za chale ndogo ndogo zilizoinuka. Fundi wa chale alichanja kwa kisu kidogo, akapaka mkaa wa mbegu za mbarika, na kidonda kilipopona kilibaki kimevimba daima. Hapakuwa na wanawake wawili wenye mchoro mmoja. Ungeweza kumjua mtu gizani kwa kumpapasa, ndivyo waume zao walivyosema, wakitaniana.

Hadija aliingia matatani hapo. Alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu, hilo nalisema hata leo. Siku moja tulikwenda kuoga mtoni na wanawake wakubwa, akayaona mapindopindo ya tumboni kwa mke wa mzee mmoja wa jirani, yakamwingia. Akarudi nyumbani akayachora kwenye mtungi wa maji, yote, mpaka kijimstari kilichokatika karibu na kiuno. Mtungi ukatoka mzuri ajabu. Ukapelekwa gulioni, ukanunuliwa na mwanamke wa kijiji cha mbali. Basi yule mzee yuko kilabuni kwake na wenzake wanapiga soga, anamwona mwanamke asiyemjua anapita njiani na tumbo la mkewe kichwani.

Alikuja nyumbani kwetu na fimbo. Hakupiga mtu, lakini alikaa barazani kutwa akiuliza swali lile lile, "Wangapi wameliona?" Binti Mchopa ilibidi amtume mtu kuurudisha ule mtungi, akatoa mitungi miwili badala yake, kisha akauvunja mbele ya yule mzee na kumpa Hadija vile vigae avitwange. "Chale za mtu aliye hai ni zake yeye," alisema. "Akifa ndipo tunamwandikia, ili huko chini asipotee." Alipomaliza kusema tulidhani atatuchapa. Hakutuchapa. Alikwenda kulala mapema, na hilo lilituogopesha zaidi.

Watu huniuliza nilikuwa nayatoa wapi mawazo ya kuchora. Aliwahi kuja mtu wa mambo ya utamaduni na kamera, akaniuliza hivyo hivyo, nikamwambia nayatoa kwa marehemu. Akacheka. Nilikuwa namweleza kazi ilivyo.

Mfinyanzi alikuwa miongoni mwa wanaomwosha maiti. Mwili umefunikwa shuka, na wewe huruhusiwi kufunua wala kutazama. Unatia mkono chini ya shuka, vidole vinapita juu ya chale taratibu, mstari kwa mstari, na macho yako unayaelekeza ukutani. Ukimaliza unarudi nyumbani bila kushika kitu kingine, udongo uko tayari, unaandika vidole vikiwa bado vinakumbuka. Ndivyo nilivyomwandika Binti Mchopa. Nilikuwa msichana mwenye mtoto mmoja mgongoni. Maisha yake yote nilikuwa nimemwogopa bibi yangu, sikuwahi hata kumkumbatia, na siku ile nikamjua mwili mzima kwa vidole. Mjusi wake alikuwa na kidole kimoja kilichopungua mguuni. Sikuwahi kukiona alipokuwa hai. Nilikiandika vile vile, kimepungua, na nililia mpaka udongo ukalainika zaidi ya ulivyotakiwa.

Nikamwandika mama yangu. Nikawaandika mama zangu wakubwa na wadogo, na wanawake wengi wa ukoo, mmoja baada ya mwingine kadiri walivyoondoka. Mnaona mikono hii, imewashika wote. Hakuna anayeijua ngozi ya ukoo wetu kama mimi, na yote imo makaburini na kwenye vidole hivi vinavyotetemeka.

Mambo yalibadilika kidogo kidogo mpaka siku moja unageuka huoni mtu. Ndoo za plastiki zilifika gulioni. Masufuria yakafika. Siwezi kuyalaani masufuria, hata mimi napikia. Kisha akaja bwana mmoja wa hoteli ya ufukweni, akataka mitungi ya kupamba, yenye alama za asili. Nikamwambia alama zetu haziuzwi. Akasema zozote tu. Basi nikakaa nikachora mistari ya kichwani mwangu, hivi na hivi, mingine nikiigiza nyayo za kuku wangu. Bwana yule akaishika mitungi akasema hii ndiyo asili yenyewe. Wageni wanatia maua humo hadi leo, na wanapiga picha na kuku wangu.

Hadija aliolewa Kiswere, kwa wavuvi. Aliuacha udongo akawa anakaanga samaki. Kila tulipokutana alinipima mikono kwa macho, akaniita kwa jina langu akisema, "Somoe, usife kabla yangu, sitaki kufinyangiwa na mtu mwingine." Nami nilikuwa namwambia asitangulie yeye, maana nani atanifinyangia mimi. Tulikuwa tukitaniana hivyo miaka na miaka. Akatangulia. Nilipofika Kiswere walikuwa wamekwisha kumzika, na arobaini ilipofika mashemeji zake wakasema kwa upole kabisa kwamba kwao vyungu makaburini hawaweki, nisije nikaona vibaya. Niliona vibaya. Niliona vibaya sana na bado naona.

Baada ya hapo ndipo nilipomtazama mjukuu wangu Rukia, mtoto wa mwanangu Bakari, kwa jicho jingine. Ninyi mnamjua kwa kusuka. Lakini mnajua pia mkono wake wa piko. Maharusi wa Lindi nzima wanakuja hapa kuchorwa, na mimi nakaa hapa mkekani nikiutazama ule mkono unavyokwenda bila kusita, mstari mwembamba mnene, mwembamba mnene, bila kuinua kijiti. Ni mkono wa Hadija. Nilikaa na jambo hilo muda mrefu kabla sijamwambia.

Nilipomwambia akaacha kusuka, akanitazama kwenye kioo. "Bibi, mimi maiti siwezi kushika. Nisikudanganye."

"Nani kasema ushike maiti?"

"Si umesema mnapapasa?"

"Utanipapasa nikiwa hai. Mwiko ni kujifinyangia. Kuwahi si mwiko." Sikuwa na uhakika na hilo, lakini Binti Mchopa hayupo wa kunikatalia.

"Haya bibi yangu. Lakini Jumapili, maana Jumamosi nina bibi harusi."

Bakari akaleta udongo kwa pikipiki kutoka kwa watu wa tofali, umo kwenye mfuko wa salfeti. Haukuwa udongo wetu. Nikautafuna kidogo, ukawa na mchanga, lakini nikasema utafaa. Nikamtwangisha Rukia vigae uani huku kucha zake ndefu zikivunjika moja moja, na kila moja ikivunjika analia kama kafiwa. Chungu cha kwanza kikaporomoka. Cha pili kikakaa upande kama mtu aliyelewa. Cha tatu kikasimama. Kilikuwa na mdomo mpana kidogo na ubavu mmoja mnene, lakini kilikuwa chungu, na nilipokizungusha mikononi nilihisi kifua kinafunguka kwa mara ya kwanza tangu Hadija afe. Rukia akafuta mikono, akachukua kijiti chake cha piko, akakaa tayari.

"Haya bibi. Nipe hizo chale niziandike."

Nikafungua kanga.

Nanyi mtashangaa kwamba jambo hili sikuwa nimelifikiria. Mimi mwenyewe nimeshangaa. Mwaka niliotoka unyagoni fundi wa chale alikuwa amekwisha fika, amenoa kisu. Mama yangu, yeye aliyejaa chale tangu shingoni, akanitia ndani na kufunga mlango. Walimu walikuwa wakisema wenye chale watachekwa mjini, kwamba ni mambo ya kizamani, na mama alitaka nisome. "Huyu asiguswe," alisema. Nami nilifurahi. Nilikuwa naogopa kisu. Ujana wangu wote niliringia ngozi yangu laini, na mume wangu alikuwa akiisifia. Rika langu lote liko hivyo hivyo. Hata Hadija. Miaka yote nilikuwa nakwenda kusoma miili ya wenye maandishi, kisha narudi nyumbani naoga mwili wangu mwenyewe, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza.

Rukia alipitisha kiganja tumboni kwangu na mgongoni. Alifanya taratibu, kama nilivyomfunza. Akarudia.

"Bibi, mbona hakuna kitu?"

Akafikiri. "Si unazikumbuka za Binti Mchopa? Nitajie, niziandike hizo."

"Hizo amelala nazo mwenyewe."

"Basi nitunge. Mimi najua kutunga, maharusi wote nawatungia."

Nikamwambia hapana, mistari ya kutunga nimekwisha kuwauzia watu wa hoteli.

Mkono wake ulikuwa bado tumboni kwangu, ukashuka, ukasimama chini ya kitovu, kwenye mshono wa upasuaji. "Na hii?"

Nikamweleza. Kabla ya baba yake nilibeba mimba nyingine, mtoto alifariki tumboni, na madaktari wakanichana kumtoa ili nipone. Alikuwa wa kike. Rukia hakuwa akijua, hata Bakari hajui vizuri. Machozi yakamtoka, akajifuta kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa na udongo. Kisha akasogea kwenye chungu, na kabla sijasema neno akavuta mstari mmoja wa kulala ubavuni, akauwekea vijistari vya nyuzi juu na chini. Ulikuwa sawasawa kabisa. Mkono wake haukosei.

"Huu ni wako, bibi. Huu hanao mwingine."

Niliutazama. Nilitaka kuukubali, wallahi nilitaka, kwa sababu ya yale machozi yake. Lakini zile chale za bibi zilisema huyu ni binti wa watu fulani, kachezwa unyago, kapita, watu walikaa wakamwimbia akichanjwa. Ule mstari unasema nini? Kwamba siku moja nilikwenda hospitali na mtoto nikarudi bila mtoto. Huko niendako mama yupo, Binti Mchopa yupo. Nikifika nao wakanipapasa, sitaki hicho ndicho watakachokisoma.

"Ufute," nilisema.

"Bibi."

"Ufute, mama. Chungu bado kibichi."

Akalowesha kidole, akaufuta, akalainisha kwa kibuyu mpaka pakawa kama hapakuwa na kitu. Kilipokauka tulikichoma hapo uani kwa maganda ya korosho, jirani akalalamikia moshi. Kikaiva. Nilikigonga kwa ukucha, kikalia vizuri sana.

Kiko chumbani kwangu, juu ya kabati, mkitaka kukiona ingieni mkitazame. Rukia kakitoboa kitako mwenyewe na hakikupasuka. Mgeni akiingia huuliza ni cha nini, nami nashindwa kumjibu, kwa sababu hakina jina la mtu. Siku nitakapokufa watakibeba wakakiweke kichwani kwangu, na atakayepita pale ataona chungu safi, cheusi, kisicho na mstari hata mmoja, na hatajua kama chini yake nimelala mimi au mwanamke mwingine yeyote.